Je, Ni Haki Kuuza Haraka?

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo zikisikiwa pamoja huonekana kama zinagombana. Ya kwanza yasema: Haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Leo twataka kutazama jambo lililo katikati ya methali hizo mbili. Ni jambo la serikali, au Leta kama tunavyosema huku kwetu, kumwambia mwenye shida ya karatasi ya safari: «Ukilipa kiasi hiki, utangoja. Ukiongeza kiasi kile, utapata upesi.»

Hapa Kabongo vijana wanatuuliza: Je, fedha hizo za haraka ni kitu kingine kabisa na matabishi, au ni matabishi yaliyovikwa kofia ya Leta? Swali si dogo. Tusilijibu kwa hasira, wala tusilijibu kwa woga. Tulifikiri polepole.

Habari zenyewe

Kwanza tuzijue habari, maana mtu asiyezijua habari huhukumu upepo.

Tuanze na nchi yetu. Juni 2015 Leta ya Kongo iliipa kampuni ya Ubelgiji iitwayo Semlex kazi ya kutengeneza pasipoti mpya. Bei ya pasipoti moja ikawa dola 185. Aprili 2017 shirika la habari Reuters lilichapa uchunguzi wake, likaeleza kwamba katika dola hizo 185 hazina ya Leta ilipata dola 65 tu. Nyingine zote zilikwenda kwa makampuni, na katika hizo dola 60 zilikwenda kwa kampuni ndogo ya huko Ghuba ya Uarabuni. Mwaka 2020 mkataba ulifika mwisho, na bei ikashushwa kuwa dola 99. Mwaka 2025 ikaletwa pasipoti ya namna mpya, na bei yake ikatangazwa kuwa dola 75.

Msomaji ataona jambo moja hapo. Bei ilishuka kutoka 185 mpaka 75, na watu bado wapata kitabu cha kusafiria. Basi ile bei ya kwanza haikupimwa kwa gharama ya kitabu. Ilipimwa kwa shida ya mwenye kukihitaji.

Sasa tutazame nje. Nchini Uganda mtu anayetaka pasipoti ya kawaida hulipa shilingi 250,000. Akiitaka upesi huongeza 150,000. Huko Marekani, tangu Juni 2001, waajiri wanaowaombea wageni vibali vya kazi waliweza kununua haraka: dola 1,000 juu ya ada ya kawaida, na ofisi iliahidi kulishughulikia ombi katika siku 15, au kurudisha fedha hizo. Mwaka 2010 ada hiyo ikawa 1,225. Mwaka 2018 ikawa 1,410, na mwaka 2019 ikawa 1,440. Oktoba 2020 ikaruka mpaka 2,500, na Februari 2024 ikafika 2,805. Huko Uingereza, mwaka 2025, aliyekuwa ndani ya nchi akitaka kujibiwa ombi lake kesho yake aliongeza pauni 1,000.

Tuzipime hesabu hizo kwa kipimo cha kwetu. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongo 73 hivi katika kila 100 waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Kwa mtu wa namna hiyo pasipoti ya dola 185 ilikuwa sawa na siku 86 bila kula, bila sabuni, bila dawa. Ya dola 75 ni siku 35. Na ile haraka ya Wamarekani, iliyokuwa dola 2,805 mwaka 2024, ilikuwa zaidi ya miaka mitatu na nusu ya maisha yake.

Tena kwa mtu wa Kabongo bei ya karatasi si bei yote. Njia yake hupitia Kamina, na pengine yaendelea mpaka Lubumbashi au Kinshasa. Wakati wa mvua barabara huwa matope, na treni huja siku ijapo. Mtu akiambiwa dirishani «Rudi wiki ijayo», mkubwa wa biro huona ametamka maneno matatu tu. Lakini kwa aliyetoka Kabongo maneno hayo matatu ni nauli, ni malazi kwa jamaa ambaye naye hana, ni shamba linaloota magugu. Kwa hiyo kukawia kwenyewe kuna bei, na maskini ndiye huilipa zaidi. Mtu asidhani kwamba asiyelipa ada ya haraka amengoja bure.

Mfano wa mashine ya unga

Wanaoitetea ada ya haraka si wapumbavu wote, wala si waovu wote. Tusikilize hoja yao katika uzuri wake.

Tuseme kijijini kuna mashine moja ya kusaga. Akina mama wamepanga mabeseni yao ya muhogo na mahindi tangu alfajiri. Anakuja mfanyabiashara mwenye magunia kumi, naye asema: «Lori langu linaondoka saa sita. Nisagieni kwanza, nitalipa mara tatu.» Mwenye mashine akikubali, akina mama watanung'unika. Lakini mwenye mashine atawaambia: «Mama zangu, fedha za huyu nitanunulia mashine ya pili. Mwezi ujao hakuna hata mmoja wenu atakayengoja tena.» Je, akifanya hivyo kweli, amewakosea? Pengine amewasaidia. Mwenye haraka amelipa, na wasio na haraka wamepata mashine.

Ndivyo wanavyosema watetezi. Na kweli, sheria ya Marekani ya Desemba 2000, iliyoanzisha ada ile, ilitaka fedha zake zisaidie kuboresha vyombo vya kazi na huduma za ofisi. Ni wazo linaloweza kuwa jema.

Lakini tutazame mwisho wa mfano wetu. Miaka kumi yapita, na mashine ni ile ile moja. Mfanyabiashara yuaja kila siku, naye sasa analipa mara sita. Mstari wa mabeseni umekuwa mrefu kupita zamani. Mwenye mashine amejenga nyumba ya bati. Siku ile akina mama wanajua kwamba fedha haikununua mashine. Ilinunua zamu yao. Na zamu haikuwa mali ya mwenye mashine hata aiuze. Ilikuwa yao, kwa kuwa waliamka mapema.

Basi swali la kwanza la kuuliza juu ya ada ya haraka ni hili: imenunua mashine ya pili, au imenunua zamu za wengine?

Mfano wa treni

Wengine watasema: «Mbona kila mahali mwenye fedha hupata kilicho bora? Katika treni kuna daraja la kwanza na daraja la chini, wala hakuna anayelia kwamba ni dhambi.»

Ni kweli. Lakini tufikiri vema. Katika treni inayotoka Kamina, aliye katika daraja la kwanza amekaa juu ya kiti laini, na aliye katika daraja la chini amebanwa kati ya magunia na kuku. Hata hivyo wote wawili watafika saa moja. Yule wa kwanza hakumchukulia wa pili saa yake. Alinunua ulaini tu. Treni ingalikuwa na desturi ya kuyafungua mabehewa ya maskini na kuyaacha njiani ili ya matajiri yaende mbio, hapo ndipo neno lingekuwa jingine.

Tena aliyechoka na treni aweza kupanda lori, au baiskeli, au kwenda kwa miguu. Lakini pasipoti haiuzwi sokoni mahali pawili. Visa ya nchi hutolewa na nchi ile tu. Dirisha ni moja, na nyuma ya dirisha hakuna ila Leta. Muuzaji akiwa peke yake, naye mnunuzi akiwa hana pa kwenda, neno «amekubali mwenyewe kulipa» halina uzito mkubwa. Hata mtu aliyeanguka mtoni hukubali bei yoyote ya kamba.

Bei ya haki

Jambo hili la kamba lilifikiriwa zamani sana. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza kama ni halali kuuza kitu kwa bei kupita thamani yake. Akatofautisha mambo mawili. Kama muuzaji apata hasara kwa kuachana na kitu chake, aweza kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini kama muuzaji hapati hasara yoyote, na mnunuzi ndiye mwenye haja kubwa, muuzaji hana ruhusa ya kupandisha bei kwa sababu ya haja ile. Kwa maana haja si mali ya muuzaji, na hakuna awezaye kuuza kisicho chake.

Tuitie hukumu hiyo katika neno letu. Karani anayebaki kazini usiku, au Jumapili, ili amalize karatasi ya mtu mwenye haraka, amepata hasara: ameacha usingizi wake na watoto wake. Ni haki alipwe. Simu ya mbali, gari la kupeleka barua upesi, mashine ya kupiga chapa usiku, vyote vina gharama. Ni haki gharama hizo zilipwe na yule aliyezisababisha, wala zisilipwe na mama mwenye beseni. Mpaka hapo ada ya haraka ni halali, wala si matabishi. Tena tukubali kwamba ada iliyoandikwa ukutani, inayolipwa mchana na kupewa risiti, ni bora mara mia kuliko noti iliyokunjwa ndani ya karatasi. Anayelipa kwa risiti hachafui dhamiri yake wala ya karani, na fedha yake yaweza kuhesabiwa.

Lakini bei ikipanda mwaka hata mwaka kupita gharama hizo, kwa sababu tu imeonekana kwamba watu wenye shida watalipa, hapo kinachouzwa si kazi ya karani tena. Inauzwa hofu ya mwanafunzi ambaye chuo kitafunguliwa bila yeye. Inauzwa hofu ya baba ambaye mtoto wake angoja kupasuliwa ng'ambo. Na hofu hiyo ni yao, si ya Leta.

Nani hupenda kukawia?

Sasa tufike penye kiini cha neno. Ubaya wa matabishi ni nini hasa? Si kwamba fedha imetoka mfuko huu na kuingia mfuko ule. Ubaya wake ni kwamba yamfanya karani apende kukawia. Karani anayekula matabishi hawezi kufurahi siku mstari ukiwa mfupi, kwa kuwa siku hiyo hana wa kumkamua. Hata karatasi iliyokwisha ataiweka chini ya nyingine.

Basi tuulize: Ada ya haraka, hata ikiwa halali, hata ikiwa na risiti, haiwezi kuleta ugonjwa ule ule, tena si kwa karani mmoja bali kwa hazina nzima? Biro inayopata sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwa wenye haraka haina sababu ya kuiharakisha njia ya kawaida. Njia ya kawaida ikiwa nzuri, nani atalipa? Ni kama mganga anayelipwa kwa kila siku ya ugonjwa. Twaweza kumheshimu, lakini tusishangae akikawia kuleta dawa.

Hatusemi kwamba maofisa wanakaa na kupanga kuwachelewesha watu. Mara nyingi hakuna aliyepanga. Fedha yenyewe hupanga. Makarani wazuri hupelekwa kwenye meza ya haraka, na meza ya kawaida huachiwa waliobaki. Kisha mwaka ujao husemwa: «Tazameni, watu wengi wapenda huduma ya haraka.» Hawakuipenda. Waliikimbilia, kama mtu anavyokimbilia mti wakati wa mvua.

Mfano mmoja watuonyesha jambo hili linavyoweza kwenda mbali. Sheria iliyotiwa sahihi Marekani tarehe 4 Julai 2025 iliweka ada ya dola 100 kwa mtu anayeomba hifadhi ya ukimbizi, ambaye zamani hakudaiwa kitu. Tena iliweka dola 100 nyingine kwa kila mwaka ambao ombi lake lakaa bila kujibiwa. Tufikiri vema. Mkimbizi hakulichelewesha jibu; wenye ofisi ndio waliokuwa bado hawajajibu. Naye ndiye adaiwe. Basi mwajiri mwenye mali alipa ili asingoje, na maskini aliyekimbia nchi yake adaiwa kwa sababu amengojeshwa. Hapo njia zote mbili zimefika pamoja: haraka yauzwa, na kukawia nako kwatozwa.

Wazee wetu na karatasi

Sisi wa Katanga hatukuanza jana kuijua nguvu ya karatasi. Chini ya dekreti ya Desemba 1933 mtu wa kijijini aliyetaka kuondoka katika usultani wake kwa zaidi ya siku 30 alipaswa kupata ruhusa iliyoandikwa. Wazee waliijua ile hali ya kusimama mbele ya meza, kofia mkononi, wakingojea muhuri. Kwa hiyo tukisema juu ya haki ya mtu mbele ya dirisha, hatusemi mambo ya vitabuni.

Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga, alichapa mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu. Wataalamu wamebishana naye mengi. Lakini alisikia neno moja ambalo wazee wetu hawawezi kulikana: kwamba mtu hukua au hupungua kwa namna wengine wanavyomtendea. Mtu anayengojeshwa bila sababu, asijue siku wala saa, hupungua. Hujifunza kuomba kama mtoto kile kilicho haki yake kama mtu mzima. Na anayemngojesha naye hupungua, ingawa yeye hajioni.

Wazungu nao walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1215 wakubwa wa Uingereza walimlazimisha mfalme wao, Yohane, aweke muhuri juu ya ahadi zake. Moja ya ahadi hizo ni kwamba hatamuuzia mtu yeyote haki, wala kumnyima, wala kumcheleweshea. Tuone hekima ya mambo yale matatu kuwekwa pamoja. Kuuza, kunyima na kuchelewesha ni ndugu watatu wa tumbo moja. Anayeruhusiwa kuchelewesha atapata la kuuza, na asiye na fedha atakuwa amenyimwa.

Masharti ambayo yatupasa kuyadai

Basi, je, twahukumu kwamba ada ya haraka ni mbaya siku zote? Hapana. Twasema yaweza kuwa halali ikiwa imeshika masharti manne.

La kwanza: njia ya kawaida iwe na siku zake zilizotangazwa, na siku hizo zitimizwe. Mtu asiyelipa haraka aahidiwe kwa mfano wiki tatu, naye apate katika wiki tatu. Pasipo ahadi hiyo, neno «haraka» halina maana, kwa kuwa hatujui ni haraka kuliko nini.

La pili: bei ifuate gharama, na hesabu yake ionekane. Watu waonyeshwe mashine ya pili. Ikiwa bei imepanda na mstari haukupungua, ielezwe kwa nini.

La tatu: ofisi isipotimiza haraka iliyouza, irudishe fedha. Muuzaji wa nyama sokoni hafanyi vingine; kwa nini Leta ifanye?

La nne, nalo ni kubwa kuliko yote: palipo na uhai wa mtu, haraka isiuzwe, itolewe. Mgonjwa anayepelekwa kutibiwa, mtu anayekwenda kumzika mzazi, mtoto aliyetenganishwa na mama yake, mkimbizi aliyeacha nyumba ikiungua: hawa wasiulizwe «Una kiasi gani?» Waulizwe «Una shida gani?» Hata akina mama wenye mabeseni, ambao hawana sheria iliyoandikwa, humwachia zamu mwenye mgonjwa nyumbani bila kumdai hata franka moja. Leta isikubali kuwa chini ya wema wa mashineni.

Na sisi wenyewe?

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, tukiwa tumewahukumu wakubwa. Lakini swali latugeukia na sisi. Mwenye fedha, je, aweza kulipa ada ya haraka bila kosa? Twajibu: ikiwa ni ya sheria na ina risiti, aweza, hasa kama haja yake ni ya kweli. Lakini ajiulize kama haraka yake ni haja, au ni kiburi cha kutotaka kusimama nyuma ya maskini. Na baada ya kupata karatasi yake asisahau mstari alioupita. Wengi wetu tulikuwa tukipiga kelele sana juu ya dirisha lile, na siku tulipopata fedha ya kupita pembeni tukanyamaza. Hapo ndipo ada hiyo hutudhuru kupita mfuko: hutoa katika mstari wale ambao sauti yao ingesikiwa, na kuwaacha wasio na sauti peke yao.

Nanyi mlio makarani, watoto wetu wa nyuma ya dirisha: si ninyi mliopanga bei. Lakini ni ninyi mnaojua karatasi ipi iko chini ya ipi. Mzee aliyetoka mbali kwa baiskeli hawezi kukupa kitu. Mtazame usoni, mwambie siku ya kweli, ili asirudi bure mara tatu. Hilo halina ada.

Nasi tunaobaki vijijini, tunayo likelemba yetu ya kununua mabati na kulipa shule. Si vibaya tukaweka sehemu kwa ajili ya yule atakayepatwa na safari ya ghafula ya ugonjwa, ili siku ile asiuze shamba. Lakini tusidhani kwamba msaada huo wamaliza deni la Leta. Tunalipa kwa upendo kile kilichopaswa kutolewa kwa haki, na yatupasa kuendelea kuidai haki hiyo kwa adabu, kwa majina yetu na kwa risiti mkononi.

Basi tuzirudie methali zetu. Haraka haina baraka, ikiwa imenunuliwa kwa zamu ya mwingine. Na anayechelewa humkuta mwana si wake. Lakini yule aliyecheleweshwa makusudi, mwana wake atamdai nani?